Breki Nyekundu za Peugeot Yangu

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Boito. Siku mbaya kabisa. Mama Nelvine kaja dukani kwangu kununua chakula cha ng'ombe, akasema binti yake atapelekwa kanisani Jumamosi kwa Peugeot 504 ya Mwalimu Weldon. Weldon! Mstaafu anayesugua rimu kwa mswaki! Alisema hayo akiwa ameegemea 504 yangu mimi! Nikauliza yangu ina kasoro gani. Breki, akasema. Kanisani kunateremka vibaya, na Krismasi nilisimama kwa kugonga lango la pasta. Nililigusa tu.
Nimemsihi. Amekubali kupanda yangu Ijumaa, ajionee.

Jumanne, 5 Agosti
Kwa fundi Mokaya. Anasema breki pedi zangu zimeisha, zimebaki kama karatasi. Akanifundisha: nilinganishe mpya na za zamani kwa umbo na unene, nisome namba kwenye boksi, nikwaruze kwa ukucha. Zikitoa unga, niziache. Akaongeza kwamba Weldon alingoja zake wiki tatu kutoka Nairobi. Baada ya jina hilo sikusikia kitu kingine.

Jumatano, 6 Agosti
Soko la Sigowet. Nimepata! Nyekundu! Za Weldon ni nyeusi tu. Nilikwaruza, zikatoa unga. Muuzaji akaeleza kwamba huo ni upya wake. Mtu mwelewa sana.

Alhamisi, 7 Agosti
Mokaya amekataa kuzifunga. "Mzee Wambugu, hizi ni biskuti," akasema. Nimezifunga mwenyewe nyuma ya duka. Moja haikuingia, nikaipiga tupa mpaka ikakubali. Kisha nikapita mbele ya lango la Weldon mara tatu, nikifunga breki kila mara. Zililia kama nguruwe. Weldon akatoka, akaniuliza kama niko sawa. Wivu huo! Nimeuona machoni.

Ijumaa, 8 Agosti
Mteremko wa kwanza, sawa. Wa pili, harufu ya kuungua. Nikakanyaga, pedali ikaenda mpaka chini. "Wambugu, simamisha!" Mama Nelvine akapiga kelele. Nikajibu kwamba nasimamisha. Nikavuta handibreki, nikashuka gia, nikakata kona kuingia kwenye shamba la majani chai. Mistari minne imelala. Gari likasimama. Mama Nelvine alikumbatia mkoba wake. Halafu akasema polepole, "Ungeniua kabla sijamwona mtoto wangu akiolewa."
Niliona haya hata kumtazama.
Chai yenyewe ya nani? Ya Weldon! Akaja na kamba. Aliuliza kwanza kama tumeumia. Kuhusu chai yake, hata neno. Akamsaidia Mama Nelvine kushuka, akanivuta mpaka barabarani, kisha akaenda nyumbani na kurudi na boksi: breki pedi zake za akiba, halisi, bado na lakiri. "Chukua, Wambugu. Gari nzuri kama hii usiiharibu." Nimeshukuru huku nimeuma meno. Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Huyu utamjibu nini?

Jumamosi, 9 Agosti
Harusi. Gari la Weldon liliteremka na kusimama mlangoni pa kanisa bila sauti, taratibu, kama limeshikwa mkono. Makofi. Nelvine akashuka, mama yake akalia kwa furaha. Mimi nilikuwa nyuma ya hema na sahani yangu.
Kisha Weldon akapiga honi. Honi ya sauti mbili! Vigelegele! Nikaweka sahani chini.
Lakini kuna bwana mmoja wa Chebunyo, Kiplimo, mwenye honi ya sauti tatu, inang'aa, chrome tupu. Nimempigia simu hapo hapo. Pesa hataki. Anataka breki pedi za 504, halisi, ambazo boksi lake halijafunguliwa.
Naenda kwake Jumatatu na boksi la Weldon. Priscillah, mke wangu, ameniuliza nitateremkaje barabara ile bila breki. Nimemweleza kwa subira: watu watasikia ninakuja, watapisha.