Viongozi Wangu Watatu

Jumatatu, 3 Juni 1996
Bwana Dirie, meneja wetu hapa kiwanda cha plastiki cha Baba Dogo, alituita masupavaiza asubuhi. Akaagiza kila mmoja alee viongozi watatu katika kitengo chake, watu wanaoweza kuendesha kazi yeye asipokuwepo. Alhamisi atatupima.

Asipokuwepo! Wakiweza bila mimi, mimi ni wa nini?

Nimechagua watatu wasioweza. Bile haongei. Zubeiri hukubaliana na kila mtu. Jecinta huiogopa mashine ya beseni kama mbwa mkali. Mideva nimemwacha. Ana miaka tisa hapa, na huijua ile mashine kwa mlio tu. Nikamwambia yeye ni wa maana mno kusumbuliwa na uongozi. Akajibu, "Sawa, Bwana Kweyu."

Niliona aibu kidogo. Ikapita nilipofika nyumbani mtaa wa Lucky Summer na kukuta dagaa wa omena mezani.

Jumanne, 4 Juni
Mafunzo. Somo la kwanza: jambo likitokea, mwiteni Kweyu. Somo la pili: rudieni la kwanza. Zubeiri aliandika yote mawili.

Nabiswa, supavaiza mwenzangu wa kitengo cha vifuniko, huwaachia watu wake mkutano wa asubuhi waendeshe wenyewe. Yeye husimama nyuma kama mgeni! Nilicheka hadi nikakohoa.

Sanduku la swichi ya kuzimia mashine nimelifunga. Ufunguo uko mfuko wa shati langu. Kiongozi lazima atafutwe.

Alhamisi, 6 Juni
Wacha niandike yote.

Saa nne Dirie aliniita ofisini kwa chai, akafunga mlango. Kumbe huo ndio mtihani: kitengo kiachwe nusu saa bila mkubwa. Nikawa namweleza jinsi ninavyokuza watu. Bile akatokea dirishani akipunga mikono yote miwili. Nami nikampungia. Nikamwambia Dirie, unaona wanavyonipenda?

Kule kitengoni mashine ilikuwa imekwama, plastiki ya moto ikimwagika. Zubeiri alinitafuta getini, kantini, chooni. Jecinta alibanwa kati ya ukuta na mashine, plastiki ikimkaribia miguuni, naye akiita jina langu kama alivyofundishwa. Ni Mideva aliyevunja sanduku la swichi kwa nyundo, akazima umeme, akamvuta Jecinta. Plastiki ikamchoma Mideva mkono.

Tulipofika, Dirie aliuliza ufunguo uko wapi. Nikasema labda umepotea. Kisha nikainama nimsaidie Mideva, ufunguo ukaniponyoka mfukoni. Sakafu ya saruji. Kila mtu aliusikia.

Jecinta, maskini, akanitetea. "Bosi, alitufundisha tumwite. Tulimwita sana."

Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 8 Juni
Tangu jana Mideva ndiye supavaiza. Mimi ni mfanyakazi wa kawaida, mashine ya pili.

Leo nimekwenda kwake mtaa wa Jericho na machungwa ya sokoni. Mkono wake umefungwa bendeji hadi kiwiko. Mama yake alinikaribisha vizuri, akaniita mwanangu, akanipa kiti kizuri. Hajui ni mimi! Mideva hakumwambia. Kile kiti kilinichoma.

Niliomba msamaha. Akasema, akiniita kwa jina la binti yangu, "Baba Mourine, mkono utapona. Lakini umeniona nikifanya kazi miaka tisa. Ulikuwa unaogopa nini?"

Nikamenya chungwa nipate la kufanya, nikalila lote. Chungwa la mgonjwa!

Kisha akasema na yeye ametakiwa kuchagua viongozi watatu, na mmoja wao ni mimi. Alisema mashine tayari ninaijua, kilichonibakia ni kuwafundisha wengine. Nililia njiani mchana kweupe. Mama mmoja wa mboga akaniuliza tunazika lini.

Nimeapa. Huyu Kweyu ni mtu mpya.

Jumatatu, 10 Juni
Nimepewa mfanyakazi mgeni, Saado, nimfundishe mashine yote. Nilianza kwa moyo safi kabisa. Kufika saa sita alikuwa ameshajua nusu. Tena anauliza maswali mazuri. Mazuri mno. Mideva alipita, mkono bado umefungwa, akasikiliza, akatabasamu. Alimtabasamia Saado, si mimi.

Nimemshauri Saado asiharakishe. Afagie kwanza, ayazoee mazingira. Hiyo nusu nyingine nitamfundisha nikikaribia kustaafu. Nina miaka thelathini na minane tu.