Makamu kwa Miaka Kumi na Tisa

Jumatatu, 17 Aprili

Gordy ana moyo mbovu. Ametangaza leo alasiri pale baa ya Schimmel, akiwa kwenye kiti chake cha mwisho wa kaunta, mkono juu ya maikrofoni. Daktari atampasua Alhamisi ya tarehe 27. Siku yenyewe ya Uteuzi! Siku ambayo timu zote za mpira wa Kimarekani nchini zinagawana vijana waliotoka vyuoni, na sisi, klabu ya mashabiki wa mji wa Kaukauna, tunaisomea Timu yetu barua.

Barua ni jambo zito. Kila mwaka klabu huiandikia Timu ukurasa mmoja kuishauri imchukue nani kwanza. Mwenyekiti huisaini, halafu huisoma kwa maikrofoni kabla jina la kwanza halijatajwa kwenye televisheni. Timu iliwahi kujibu mara moja tu, mwaka 1998. Walituma kalenda.

Mwenyekiti ni Gordy Pasch, shemeji yangu, kaka wa mke wangu Arlys. Makamu ni mimi, Vernon Stroebel. Makamu kwa miaka kumi na tisa! Katika miaka hiyo yote sijaruhusiwa kusoma hata tangazo la gari lililoachwa taa zinawaka.

Arlys amelia jikoni. Nilimpapasa mgongo. Nampenda Gordy, nasema kweli mbele ya Mungu. Lakini mkono ukiwa bado mgongoni kwa mke wangu, nilikuwa nimeshapata sentensi ya kwanza ya barua. Aibu. Sentensi yenyewe ni nzuri, hata hivyo.

Jumatano, 19 Aprili

Mjadala baani. Watu wote wana sura za msibani.

Shida ya Timu inajulikana. Mabry, mrushaji wetu mkuu, yule anayewarushia wenzake mpira, ana miaka thelathini na minane na magoti ya babu. Mrushaji akianguka, timu nzima imeanguka. Gordy anataka tuombe jitu la kusimama mbele ya Mabry na kumkinga. Kayleen Vanden Heuvel anataka tuombe mrushaji mpya kutoka chuoni, mapema, kabla wengine hawajamnyakua. Kayleen ni msafisha meno. Amejiunga na klabu juzijuzi tu, na huja na daftari la takwimu. Takwimu! Sisi tulikuwa tunajua mpira kwa baridi ya miguu kule uwanjani.

Nilisimama. Nikasema Timu inaye tayari mtu wa kumrithi Mabry. Trevin Haugen, mrushaji wa akiba, yuko benchi mwaka wa tatu ameshikilia ubao wa karatasi. Anajua kila kitu na hajapewa chochote. Kwa nini mtu wa namna hiyo asilelewe, akaaminiwa, akapewa nafasi hata dakika tano? Kayleen akaniuliza taratibu kama bado tulikuwa tunamzungumzia Haugen. Nikamwuliza tunamzungumzia nani mwingine. Watu wakaangalia bia zao.

Basi nikatumia akili. Leo ilikuwa siku ya bahati nasibu baani, ambayo mshindi hupewa nyama, na nyota yangu iliwaka: nyama ya paja nzima, na mafurushi manne ya nyama ya mafuta ya kukaanga. Nikawagawia wazee watatu wa dirishani, marafiki wakubwa wa Gordy, nikiwadokeza kwamba Makamu ana mkono wazi. Nilitaka wanisemee kwa Gordy nipewe kuisoma barua. Wao wakadhani ni mchango wa mgonjwa! Wakafuta machozi, wakampa Kayleen aupeleke kwa kuwa ana gari kubwa. Gordy amekatazwa mafuta ya aina yoyote hadi kifo. Amempigia Kayleen simu kumshukuru kwa moyo wake.

Ijumaa, 21 Aprili

Nilipewa barua. Nimeipoteza.

Ilikuwa karamu ya samaki ya kila Ijumaa, baa imejaa, mkate mweusi na kabichi mezani. Gordy akagonga glasi. Akasema mbele ya watu wote: “Vern, shemeji, Alhamisi mimi sipo. Barua isome wewe.”

Miaka kumi na tisa! Nikajibu kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa vizuri: hapana, hapana, siwezi kukaa mahali pako.

Ni adabu ya kawaida. Hapa kwetu hakuna anayekubali kitu mara ya kwanza. Ukipewa kipande cha mwisho cha keki, unakataa. Unapewa tena, unasema labda kuna mwenye njaa zaidi. Mara ya tatu ndipo unasema haya, kama kitatupwa tu, na unakula. Mama yangu alikubali kuolewa kwa mtindo huohuo.

Gordy naye anajua. Akasema tena: acha mchezo Vern, chukua. Nikainamisha macho, nikasema labda kuna anayefaa zaidi. Na nikajiandaa. Nikavuta pumzi. Nikaweka uma chini.

Gordy akafungua mdomo kwa mara ya tatu, na kikohozi kikamshika. Akakohoa mpaka akawa mwekundu kama nyanya. Watu wakamkimbilia na maji. Alipotulia alikuwa hoi, akauliza kwa sauti ya chini kama yupo mtu yeyote atakayesoma hiyo barua. Kayleen akasema, “Mimi nitasoma, hamna shida.”

Hakukataa hata mara moja! Mama yake ametoka New Jersey, inaonekana ni kweli wanayosema juu ya watu wa huko. Nilimaliza samaki wangu bila kusikia ladha. Arlys akaniuliza ndani ya gari kwa nini nilikataa. Nikamwambia sikukataa. Akanitazama mpaka taa ikawa ya kijani na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

Jumapili, 23 Aprili

Mpango mpya: kuipata mara ya tatu yangu. Ni haki yangu, ilikatizwa na kikohozi tu.

Baada ya ibada nikaenda kwa Gordy peke yangu na bakuli la tambi za jibini alizopika Arlys. Nikazungusha mazungumzo. Nikasema Alhamisi inakuja. Nikasema kusoma kwa sauti ni kipaji. Nikasema koo langu halijawahi kuwa safi kama mwaka huu. Gordy akanipa kahawa. Akanipa mashine yake ya kusukuma theluji. Akanipa sanduku la ndoana zake za kuvulia samaki, akasema hatazihitaji pengine. Nikakataa vyote mara mbili, nikakubali mara ya tatu. Gari limejaa. Barua hakuitaja.

Halafu akaniambia anaogopa. Gordy, ambaye aliwahi kukatwa kidole kiwandani akauliza tu matokeo ya mechi! Akasema: “Nikizinduka nataka nione uso wako, Vern. Arlys atalia tu. Utakuwepo?”

Nikasema ndiyo. Mara moja, kama mtu wa New Jersey. Sijui ilitoka wapi. Tukakaa tukitazama theluji iliyobaki uani. Nilihisi huzuni kubwa kifuani, na nilifurahi kwamba ameniomba mimi.

Nilikuwa nimefika darajani ndipo nikapiga hesabu. Alhamisi. Hospitali! Hata Kayleen akipoteza sauti, hata akivunjika miguu yote miwili, mimi sitakuwepo baani. Nikaegesha gari kando na kukaa humo kwa muda mrefu pamoja na mashine ya theluji.

Jumanne, 25 Aprili

Nimegundua kwamba barua inaweza kusomwa kwa simu. Maikrofoni haijali sauti inatoka wapi. Lililobaki ni kumfanya Kayleen aliseme hilo mwenyewe, kwa sababu mimi siwezi kuomba. Kuomba ni utovu wa adabu.

Nikapanga miadi ya kusafishwa meno. Kayleen akanilaza kitini, akanifunga kitambaa, akaniambia fizi zangu zinasikitisha. Akaingiza ndoana, kioo na mpira wa kunyonya mate. Na hapo hapo, vyote vitatu vikiwa kinywani mwangu, akasema amekuwa akifikiri. Je, ningependa nisome mimi barua, kwa simu, kutoka hospitalini? Maana mimi ndiye makamu, na miaka kumi na tisa si mchezo.

Safari hii nilikuwa tayari kukubali hapohapo. Naapa! Heshima pembeni. Nikasema ndiyo kwa nguvu zangu zote. Kilichotoka ni “ah-ah.”

Kayleen akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema alijua nitakataa, mimi ni mtu mnyenyekevu sana. Akaendelea kukwangua. Alipotoa vyombo nilikuwa na nafasi. Kinywa kilikuwa changu, huru kabisa. Akaniuliza: “Kwa hiyo tumeelewana, eh, Vern?” Nikamwambia tumeelewana. Ningemwambia nini? Alikuwa amenisifu!

Nimerudi na mswaki wa bure.

Alhamisi, 27 Aprili

Hospitali tangu saa kumi na mbili asubuhi. Gordy alipelekwa chumba cha upasuaji akiwa amevaa soksi za Timu, wauguzi walishindwa kumvua. Aliniminya mkono. Nikamwambia nipo.

Masaa sita. Arlys alisali, mimi nilihesabu vigae vya dari. Niliogopa. Naandika hivyo bila kupamba: niliogopa kwamba nitarudi nyumbani na mke asiye na kaka, na kwamba sandukuni kwangu kuna ndoana za marehemu. Kwa masaa hayo sikuifikiria barua hata mara moja. Labda mara mbili.

Saa nane daktari akatoka, akasema imekwenda vizuri. Arlys akanikumbatia mpaka miwani ikapinda.

Jioni tukaruhusiwa kukaa kando ya kitanda. Gordy bado usingizini. Kayleen akanipigia simu, akaiacha wazi karibu na maikrofoni ili tusikie. Akasoma vizuri, polepole. Kumbe ameibadili barua! Akasema klabu inaishauri Timu isichukue mrushaji mpya, bali imlee aliye benchi, kwa sababu mtu aliyesubiri kwa uaminifu anastahili kujaribiwa. Akasema wazo hilo ni la makamu wetu, Vernon Stroebel, ambaye leo yuko mahali pa maana zaidi. Baa nzima ikapiga makofi. Niliyasikia kwenye simu, madogo na ya mbali.

Dakika kumi baadaye televisheni ya ukutani, isiyo na sauti, ikatangaza kwa maandishi. Timu imemtoa Trevin Haugen kwa timu moja ya Florida ili isogee mbele kwenye foleni ya kuchagua vijana, na imemchukua mrushaji mpya kutoka chuoni. Ana miaka ishirini na mmoja. Amevaa suti ya zambarau.

Nikalia. Nililia kwa sauti, kwenye kile kiti cha plastiki. Muuguzi akaniletea karatasi laini, akamwambia Arlys hajawahi kuona mtu anayempenda shemeji yake kiasi hiki. Arlys akanibusu kichwani. Nikajitia hamnazo. Nusu ya machozi yalikuwa ya Gordy kweli.

Ndipo Gordy akafungua macho. Akaniona. Akauliza wamemchukua nani. Nikamwambia. Akafumba macho tena, na muuguzi akakimbia kuangalia mashine.

Jumapili, 30 Aprili

Gordy ameweza kuketi. Ana rangi usoni. Amekula jeli ya kijani na kuitukana, kwa hiyo atapona.

Alituita sote kitandani: Arlys, Kayleen na mimi. Akasema daktari amemkataza kelele, brandi na mpira wa televisheni wenye matokeo ya karibu. Uenyekiti basi. Akanitazama mimi. Akasema kwa sauti ile ya kukwaruza: “Vern, klabu ni yako. Kiti, maikrofoni, barua, vyote. Chukua.”

Arlys akanifinya paja. Kayleen alikuwa akiitikia kwa kichwa kunihimiza mpaka hereni zikacheza. Nikafikiria ile Ijumaa. Nikafikiria kile kiti cha meno. Nilijua kabisa la kusema, lilikuwa neno moja. Nikafungua mdomo.

Nikasema hapana, hapana, Gordy, utapona, kiti ni chako.

Arlys akatoa sauti ndogo. Gordy akasema yeye amechoka, hana pumzi za kupoteza, ananiuliza tena. Nikasema labda kuna anayefaa zaidi.

Gordy alinitazama kwa muda mrefu sana. Kayleen naye akanitazama, na naamini alikuwa anangoja nijirekebishe. Lakini mtu hasemi kitu kati ya mara ya pili na ya tatu, hiyo ni zamu ya mwenye kutoa. Nikatabasamu kwa heshima, nikangoja.

Gordy akageuza kichwa kwenye mto. Akamwambia Kayleen achukue yeye. Kayleen akaniangalia mara nyingine, akasema sawa. Macho yake yalikuwa na maji. Akauliza kama walau nitakuwa makamu wake.

Nikakubali papo hapo, bila kukataa hata mara moja.

Arlys hajasema nami tangu tutoke hospitalini. Sijui ana nini. Mimi naona mambo yamekwenda vizuri. Kayleen ana miaka thelathini na minne, hanywi, havuti, na kila asubuhi anakimbia hadi mtoni na kurudi. Mimi nina sitini na mmoja. Siku akichoka, itakuwa zamu yangu.