Kadi ya Manjano ya Dada

Jumatatu, 3 Machi
Ushindi! Dada amenichagua mimi. Amepika miaka thelathini na moja katika shule ya bweni, na wakuu wa shule wamemuaga kwa zawadi: safari ya meli ya starehe, siku kumi na mbili, watu wawili. Mdogo wetu, yule karani wa duka la dawa anayekunja leso kwa pembe nne, alikuwa na hakika ataitwa yeye. Akameza mate. Nikamwahidi picha.

Baadaye nikasoma barua ya meli. Kuna bandari moja yenye homa ya manjano. Asiye na kadi ya chanjo hapandi. Sindano! Mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, mchonga mihuri mwenye duka langu, nikiona sindano nazimia. Dada akijua, nafasi yangu atapewa mdogo wetu. Kwa hiyo hatajua.

Jumatano, 5 Machi
Kituo cha afya, mimi na Dada. Muuguzi akasema kwa aliyepita miaka sitini daktari ndiye hushauri, na daktari yupo Ijumaa. Kwangu hakuna cha kungoja, nikunje mkono wa shati. Nikaiona trei. Nikasema nina jipu. Akauliza liko wapi. Nikasema mahali pasipotajika mbele ya dada yangu. Foleni nzima ikacheka. Dada akanitetea, akasema basi tungoje, tuchomwe siku moja. Anaamini kila ninachosema. Raha iliyoje!

Ijumaa, 7 Machi
Daktari amempima Dada, moyo, damu, kila kitu. Akamwambia kwa umri wake chanjo ina hatari kidogo, lakini ile bandari ina hatari kubwa zaidi. Aamue mwenyewe, ila isipite Jumanne, maana chanjo huhitaji siku kumi kabla ya safari. Dada akasema atachanjwa.

Ikabidi nifanye kitu. Nikamwambia mteja wangu mmoja alichanjwa asubuhi na jioni akawa hawezi kutamka neno. Si uongo kamili. Yule mteja ni bubu tangu kuzaliwa. Dada akanywea, akasema afikirie mpaka Jumatatu. Wakati huo nilikuwa nautazama mhuri wa muuguzi mezani. Duara, herufi nene, mpira wa kawaida. Kazi ya saa mbili.

Jumapili, 9 Machi
Dukani, mlango nimefunga. Wiki nzima nimechonga mihuri ya machinjio, IMECHINJWA, IMEKAGULIWA, kumi na minne, kwa hiyo mkono umeshika kasi. Herufi huchongwa kinyume, kuanzia kulia. Si kazi ya kila mtu. Kadi mbili za manjano nimezichapa mwenyewe. Zimetoka nzuri kuliko za serikali!

Mdogo wetu akabisha hodi. Nikakalia kadi. Akasema kama mimi nina shughuli, yeye atampeleka Dada kuchanjwa Jumanne. Mpelelezi!

Jumatatu, 10 Machi
Dada kaja dukani na uamuzi: kesho anachomwa, na mimi niende nichomwe naye, mdogo wetu atatusindikiza. Ndipo akili ikaja. Nikamwambia imetoka chanjo mpya ya matone, kama ile ya watoto, na rafiki yangu muuguzi kanipa yetu sote wawili, pamoja na kadi. Akauliza kama ni salama. Nikaapa. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akafumba macho, akafungua kinywa. Maji na sukari, matone matatu. Akasema ni matamu. Akanishukuru. Nikamsihi asimtajie mdogo wetu matone, aseme tu tumeshachanjwa. Nilijisikia vibaya mpaka chakula cha mchana.

Ijumaa, 21 Machi
Tumepanda! Afisa wa meli hajui Kiswahili. Akatazama rangi ya kadi, tarehe, mhuri, akatukaribisha. Mdogo wetu amebaki gatini akipunga mkono. Safi sana.

Kwenye chakula Dada alisimama mhudumu alipoleta sahani, akataka kumpokea. Mhudumu akamsihi akae. Akakaa. Akalia kidogo. Akasema miaka yote hiyo hajawahi kula chakula kikiwa bado cha moto.

Jumamosi, 22 Machi
Balaa! Leo nimeisoma kadi kwa utulivu. Palipotakiwa AMECHANJWA pameandikwa AMECHINJWA. Mkono ulizoea machinjio! Herufi moja! Dada amechinjwa, mimi nimechinjwa, kwa tarehe na sahihi. Nikacheka mpaka Dada akagonga ukuta wa chumba chake kuuliza kuna nini. Nikasema nimekumbuka kichekesho.

Jumatatu, 24 Machi
Bandari yenyewe. Mbu wa kumwaga. Dada alikunja mikono ya gauni ngozi ipate upepo, akatembea sokoni mpaka jioni. Akanitania kwa soksi zangu, shati la mikono mirefu na dawa ya mbu niliyojipaka mpaka masikioni. Akauliza naogopa nini na mimi nimechanjwa.

Nilifungua mdomo nimwambie. Kisha nikafikiria mdogo wetu atasema nini akisikia. Nikaufunga.

Ijumaa, 28 Machi
Dada ana homa. Kichwa, mgongo, anatapika. Daktari wa meli akamuuliza, kwa mkalimani, kama amechanjwa. Akajibu mwenyewe, tena kwa fahari, kwamba amechanjwa. Akaitoa kadi. Daktari akaifuta homa ya manjano kwenye karatasi yake, akasema labda ni chakula. Nikaunga mkono. Nikasema samaki wa jana hakuwa mzima.

Jumapili, 30 Machi
Homa imeshuka! Dada amekunywa supu na kuchana nywele. Nilijua tu. Watu hupenda kukuza mambo.

Jumatatu, 31 Machi
Macho yake yamekuwa ya njano.

Jumatano, 2 Aprili
Hospitali, mjini kwetu. Jana alishushwa melini kwa machela. Muuguzi aliisoma kadi kwa sauti: amechinjwa. Akauliza ni mzaha wa nani. Hakuna aliyecheka. Daktari akaniuliza kama mama huyu amechanjwa kweli. Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Nikasema ndiyo. Mara ya tatu nikasema sijui.

Akasema siku tano zimepotea. Ugonjwa huu hauna dawa yake, lakini mgonjwa akiwahiwa hutunzwa vizuri zaidi. Mdogo wetu anaijua kazi yangu. Alinitazama vidole tu.

Ijumaa, 4 Aprili
Dada amefariki saa tisa alasiri. Nimelia mpaka sauti imekauka. Yeye ndiye aliyenilea.

Asubuhi alikuwa na fahamu. Akaniomba nisogee. Akauliza kama yale matone yanaweza kuongezwa, maana pengine matatu yalikuwa machache. Nikamwambia nitamuulizia.

Jumanne, 8 Aprili
Afisa wa afya kaja nyumbani kwa Dada. Tukaketi sebuleni, mimi na mdogo wetu. Anataka kujua kadi zilitoka wapi. Nikasema alizileta Dada. Alikuwa anaogopa sindano, maskini, akanisihi nisimwambie mtu, nami kwa heshima nikanyamaza. Afisa akaandika kila neno. Akasema mimi nifike kituoni kesho saa mbili nichanjwe. Nikamwambia kesho nasafiri.

Mdogo wetu akainuka, akatoka nje, hakurudi. Simlaumu, ana uchungu. Nadhani jambo la kadi limepita. Dada naye asingechukia. Tulipokuwa wadogo, nikivunja sahani alisema ni yeye aliyeivunja, akachapwa yeye, na hakuniambia kitu. Sioni kwa nini angeanza sasa.