Pikapu ya Kuvuta Boti ya Mahari

Jumatatu, 2 Februari 2026

Boti imekwisha! Mita kumi na moja, mbao nyekundu, rangi ya bluu mara mbili. Ubavuni nimeandikisha MUKWE MWEMA, herufi kubwa, asome hata aliyesahau miwani. Imekaa juu ya remorki, trela ambayo fundi Liévin aliiunga kwa ekseli ya lori la zamani. Iko kwenye parsela, kiwanja cha Liévin, hapa Bunia, mtaa wa Saio. Ziwa liko Kasenyi, kule chini, nusu siku ya njia mbaya.

Watu wanauliza kwa nini sikuijengea ziwani. Hawajui siasa. Mafundi wote wa Kasenyi ni ndugu za baba mkwe wangu, Muzee Dominique. Wangemhesabia kila msumari. Liévin ni mtu wa viti vya kanisa, hana undugu na upande wowote. (Boti ina viti vizuri sana.)

Hali yenyewe ni hii, niiandike nisijidanganye. Miaka kumi na moja naishi na Berthe, watoto watatu (wa kwanza Falone), mahari haijaisha. Muzee amekubali boti mahali pa ng'ombe watano waliobaki. Ikifika Jumamosi hii, ndoa ya kanisa inafungwa Jumamosi ijayo, tarehe 14. Baada ya hapo ni Kwaresima, padri hafungishi. Berthe amesema kama ni kungoja hadi Pasaka, atangojea kwao. Gauni ameshashona. Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana naogopa.

Kimebaki kuchagua pikapu ya kuivuta. Kazi ndogo.

Jumanne, 3 Februari

Nimekwenda kwa rafiki yangu Rachidi, makanika. Ana pikapu ya kijani. Yaani ilikuwa kijani. Mlango wa kushoto umefungwa kwa waya, kiti cha shofere kimeshonwa kwa gunia.

Rachidi kanieleza saa nzima. Eti kuvuta si kitu, gari lolote litavuta. Shida ni kushuka baada ya kijiji cha Bogoro, pale boti itakapotaka kutangulia. Eti niangalie freni, yaani breki, uzito wa gari, na kama ndoano imeshikwa na chuma cha chini au na bampa tu. Ya kwake ni nzito, freni mpya, ndoano kaichomelea mwenyewe. Niichukue, niweke mafuta, basi.

Nikashukuru sana. Nikasema nitafikiri. Nimefikiri njiani. Floribert, mume wa mdogo wake Berthe, aliingia kwa wakwe na ng'ombe wote siku moja, riboni shingoni. Mpaka leo wanamsimulia! Halafu mimi niingie na mlango wa waya? Hapana!

Jumatano, 4 Februari

Nimeipata! Pikapu ya Claude, wa mtaa wa Ngezi. Nyeupe pe pe pe. Kabini mbili, vyuma vinang'aa, klaksoni ya sauti tatu. Nimeipima kwa makini: nimekaa mbele, nimekaa nyuma, nimepiga klaksoni mara nne.

Claude ndiye anayepanga watu mlangoni mwa kanisa letu. Hiyo pikapu hajawahi kumwazima hata ndugu yake. Nimemwambia nataka kubeba viti vya harusi yangu, hapahapa mjini. Jambo la kanisa, angekataaje? Nichukue kesho, nirudishe Jumapili. Nisitoke Bunia. Nisibebe mbuzi. Juu ya mbuzi nimeapa kwa moyo wote.

Berthe ameuliza nimechagua kwa kuangalia nini. Nikataja klaksoni.

“Papa Falone,” akasema, “boti haisikiake klaksoni.”

Wanawake na magari!

Alhamisi, 5 Februari

Jaribio. Liévin kafunga ndoano kwenye bampa kwa boliti mbili, na mnyororo juu yake. Nikawasha. Pikapu ikanguruma, boti haikusogea. Majirani wakaanza kuja na vigoda vyao. Nikakanyaga mafuta. Kishindo! Boti ikaja vizuri kabisa, na nyuma yake likaja jiko la Mama Annette, mke wa Liévin. Nguzo mbili, mabati manne, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo.

Kumbe Liévin alikuwa ameifunga boti kwenye nguzo ya jiko kwa kuogopa wezi. Mama Annette alisema maneno ambayo siyaandiki, watoto wangu wanajua kusoma.

Rachidi alikuwepo. Akauliza kama nimeridhika. Sana! Gari linalong'oa jiko zima litashindwaje na boti? Akajibu kwamba jiko halikuwa kwenye mteremko. Wivu wa makanika, huo.

Ijumaa, 6 Februari

Nimejenga jiko kutwa nzima. Mama Annette alikaa pembeni akinionyesha nguzo kwa kidole cha mguu. Mgongo unauma.

Berthe amekwenda kwa Rachidi kwa siri kumwomba atusindikize kesho. Nimejifanya sijui. Aje tu, aone.

Jumamosi, 7 Februari

Tumeondoka saa kumi na mbili asubuhi, Berthe kando yangu. Wamama kumi na wanne wanaokwenda kununua samaki waliomba kupanda. Nikawaweka ndani ya boti, kwenye viti vya Liévin. Wakaimba. Rachidi akakaa nyuma yao na jiwe mapajani. Nikamwuliza jiwe la nini. Akasema nitaona.

Mpaka Bogoro, raha tupu! Baada ya Bogoro njia ikainama. Boti ikaanza kunisukuma, pole kwanza, kisha bila adabu. Nikakanyaga freni. Ikaingia laini kama ugali wa fufu. Harufu ya kuungua. Wimbo ukakatika katikati. Niliona bonde lote kwa mkupuo, na nikamlilia Bikira Maria kwa sauti. Rachidi akaruka, akatupa jiwe chini ya tairi. Tukasimama.

Rachidi akafunga kamba ndefu nyuma ya boti, wamama wakashuka wakaishika, wapita njia nao wakashika. Wote wakawa wanavuta kurudi nyuma ili siye tushuke mbele. Rachidi akachukua usukani, gia ya kwanza. Mimi nikapewa klaksoni. Saa tatu nzima!

Lakini kuingia kwetu Kasenyi! Gari jeupe, boti ya bluu, nyuma watu arobaini wameshika kamba na kuimba. Muzee Dominique alidhani wote ni ukoo wangu. Akasimama bila fimbo. Akalia. Floribert alikuwa akipanga viti vya wageni, kimoja kilimponyoka. Nimeishi kuona siku hiyo.

Ndipo akaja Shangazi Émilienne, dada yake Muzee, msimamizi wa mahari kwa ukoo wao. Hakutazama boti. Alishika mnyororo uliounga remorki na pikapu, akaufuata kwa mkono pole pole hadi mbele, akapiga boneti makofi mawili.

“Siye tunapokelaka kamba,” akatangaza. “Kile kiko ku kamba, kimeingia mu nyumba.”

Wakanifafanulia. Ng'ombe wa mahari hupokewa na kamba yake, na kamba haifunguliwi na mukwe. Akifungua mwenyewe, amejirudishia mahari yote, aanze upya. Mnyororo ni kamba. Basi na pikapu imepokelewa.

Muzee akanishika mikono miwili. Akauliza kwa sauti ya chini: “Mutoto yangu, hata gari?”

Berthe alinitolea macho, akatikisa kichwa. Nilifungua mdomo niseme ni ya Claude. Floribert alikuwa anatazama.

Nikasema: “Ndiyo, Muzee.”

Vigelegele mpaka ziwani. Ndoa imekubaliwa.

Jumapili, 8 Februari

Tumerudi juu ya lori la samaki. Berthe alifurahia harusi yake kwa muda wa kilomita mbili hivi. Kisha akauliza nani atamwambia Claude.

Claude alikuwa mlangoni mwa kanisa. Nikamwambia gari linaoshwa. Akaninusa, akauliza linaoshwa na nini.

Jumatatu, 9 Februari

Muzee katuma sauti kwa simu. Jumamosi wanakuja harusini kwa “gari yetu”, Shangazi mbele, wataegesha mlangoni mwa kanisa. Mlangoni! Anaposimama Claude! Ila niwatumie makanika kwanza, freni zimekufa.

Berthe ameshaamua. Eti niende kwa Claude leo nikaseme ukweli. Kesho nishuke na Rachidi kwa pikapu yake ya kijani, tukae na wazee, tuombe kwa adabu, na kuku wawili. Rachidi amekubali. Kasema hakuna mukwe duniani atakayeitaka ya kwake.

Nimewasikiliza wote wawili. Ni watu wema, lakini hawana maono. Niende kuchukua gari zuri kwa gari baya, mbele ya wakwe?

Mchana nimepata nyingine! Ya Fiston, jirani wa Claude. Nyekundu, mpya, taa sita, klaksoni inaimba. Nimemwambia ni ya kubeba viti. Mpango ni mwepesi: nitawaambia wazee nyeupe inakwenda kutengenezwa freni, niivute mpaka Bunia, nimrudishie Claude kabla ya Jumamosi. Rachidi sikumwambia, ataleta maneno ya freni tena.

Nimenunua na kamba mpya, nene, ya manjano. Kesho nitafunga nyekundu na nyeupe palepale uwanjani, mbele ya Shangazi Émilienne, aone mtu anayejua kazi.