Uduvi wa Mzee wa Kochi

Bwana Uhakika aliigundua njia ya utajiri akiwa ameshika shavu. Jino la nyuma lilikuwa limemkosesha usingizi, naye alikuwa amekaa kwenye chumba cha kusubiria cha daktari wa meno, akipanga namna ya kung'olewa bila kulipa. Mpango ulikuwa haujakaa sawa bado macho yake yalipotua kwenye tangi la kioo juu ya meza ya mapokezi. Ndani yake uduvi wekundu, wadogo kuliko ukucha, walikuwa wakitembea juu ya majani ya maji, wakiokota vitu visivyoonekana na kuvitia mdomoni kwa mikono yote. Wawili walikuwa wamelala chali.

"Pole, dada," alimwambia msichana wa mapokezi. "Wanaumwa?"

"Wanakufa! Kila siku nawabadilishia maji yote, nasugua kioo, nawalisha asubuhi, mchana na jioni. Wanakufa tu. Sijui nina mkosi gani."

"Na daktari anasemaje?"

"Anasema nimezembea. Halafu ananunua wengine."

"Ananunua tena?"

"Kila mara."

Bwana Uhakika akalisahau jino. Wapo watu waliofumbuliwa macho na vitabu vizito. Yeye alifumbuliwa na uduvi wawili waliolala chali. Katika miaka yake yote ya kuuza vitu visivyofanya kazi, shida ilikuwa moja tu: mteja hurudi. Hurudi na kitu mkononi, na pengine na kaka zake. Hapa palikuwa na bidhaa inayojifia yenyewe, na mteja anajilaumu.

Jina la Uhakika alipewa na mtaa, kwa kuwa ndilo neno aliloanzia na kumalizia kila biashara. Aliwahi kuuza mafuta ya kuotesha nywele huku kichwa chake mwenyewe kikimeremeta kama sahani. Kitu pekee cha halali alichokuwa nacho duniani ni kiduka chembamba alichoachiwa na marehemu mama yake, ambaye aliuza vifungo na nyuzi humo maisha yake yote bila kumpunja mtu. Uhakika alilala nyuma ya kaunta ile. Alikuwa ameshauza kila kitu kinachouzika na vingi visivyouzika, lakini kiduka cha mama hakuwahi hata kukitajia bei.

Akanunua uduvi kwa muuza samaki wa mapambo, akawapandisha cheo wakawa uduvi wa kifalme, akaingia mtaani.

"Wewe nunua wachache, madume na majike," alimweleza mwenye duka la vifaa vya ujenzi. "Wakizaa, watoto nawanunua mimi, wote, kwa bei mara tatu. Kuna hoteli kubwa huko nje zinawagombania. Uhakika!"

"Hotelini wanaliwa?"

"Wanatazamwa, kaka. Tajiri akishashiba hutaka kitu cha kutazama."

Mwenye duka alitoa macho, akatoa na pesa. Akaenda kusugua tangi lake kwa sabuni ya unga hadi likang'aa, na uduvi wakageuka chali mle mle kwenye mng'ao. Mwalimu mkuu mstaafu naye alinunua, akawalisha kwa ratiba, kengele ikilia, hadi maji yakanuka. Wote wawili walikuja kwa Uhakika kuomba radhi.

"Nimekuangusha," mwalimu alisema, sauti ikimtetemeka.

"Usijali, mwalimu. Hata mimi wa kwanza walinifia." Akamuuzia wengine, pamoja na chupa ya dawa ya buluu ya kutia majini.

Kadiri mtu alivyokuwa na tamaa ndivyo alivyowahangaikia, na kadiri alivyowahangaikia ndivyo walivyokufa upesi. Jambo hilo lilitokea mbele ya pua ya Uhakika kila wiki, naye hakulielewa hata chembe. Mtaalamu huyu wa uduvi wa kifalme aliamini kabisa kwamba wanakufa kwa kukosa matunzo.

Ndiyo maana, alipotaka mteja mmoja mkubwa wa kumalizia kazi, alimtafuta mtu mvivu kuliko wote mjini.

Huyo alikuwa Mzee wa Kochi. Alikuwa na nyumba ya wapangaji, na kodi aliipokea akiwa amejilaza, kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa umepumzika. Kazi nyingine zote zilimwangukia mkewe, karani wa mahakama.

"Huyo?" mama karani alimwambia Uhakika mlangoni. "Nzi akimtua puani hunisubiri mimi nirudi kazini nije nimfukuze. Atafuga nini?"

Uhakika nusura ambusu mkono kwa furaha. Akaingia, akamwaga maneno: tangi kubwa kuliko yote, uduvi wengi kuliko wote, hoteli zikaongezeka njiani. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Na usipowanunua hao watoto?"

"Mzee wangu! Uhakika!"

"Hilo ni jina lako, mwanangu, si dhamana. Weka kitu."

Ulimi wa Uhakika ulikuwa na tabia ya kutangulia, akili ikifuata nyuma ikihema. "Naweka kiduka changu," akasema. Alicheka aliposema, kwa sababu ilikuwa sawa na kuweka dhamana kwamba jiwe halitaota majani. Mama karani akaandika mkataba kwa lugha ya mahakamani, akausoma kwa sauti, wakatia sahihi. Uhakika akaondoka na bahasha nene na mwendo wa kudunda.

Miezi ikapita. Alimsubiri mzee aje akilia. Mzee hakuja, na Uhakika alijipa moyo kwamba mtu yule hata msiba asingeinuka kuutangaza. Mwishowe akaenda mwenyewe kutoa pole.

Tangi lilikuwa linatisha. Kioo kilikuwa kijani tupu, maji hayakuonekana, majani makavu yalikuwa yameoza juu yake. Uhakika akaweka uso wa msibani.

"Pole sana, mzee wangu."

"Pole ya nini?" Mzee akanyoosha kidole cha mguu. "Futa hapo uone."

Akafuta kwa kiganja, akachungulia. Kila jani lilikuwa limejaa uduvi. Wakubwa, wa kati, wachanga kama punje za ufuta, wekundu wa kupendeza, wanakula ule ukungu wa kijani kana kwamba wamealikwa harusini.

"Umewafanyia nini?"

"Mimi? Kijana, si unanijua?"

"Maji unabadilisha?"

"Dirisha linavuja. Mvua ikinyesha yanaongezeka kidogo."

"Na chakula? Nilikuletea mfuko mzima!"

Mzee akainua kichwa kidogo. Mfuko ulikuwa chini yake, haujafunguliwa, umebonyea katikati. "Mto mzuri sana," akasema. "Mama anakuja kuwahesabu Jumamosi. Andaa pesa."

Pesa zilikuwa zimekwisha kitambo. Uhakika alirudi nyumbani akijitukana njia nzima, na matusi alikuwa nayo ya kutosha. Akalala nyuma ya kaunta ya mama yake akiangalia rafu, na kwa mara ya kwanza aliogopa kweli. Kulipokucha alikuwa amekumbuka sabuni ya mwenye duka la vifaa, akapata wazo la mwisho.

Alifika kwa mzee na ndoo, brashi na sabuni ya unga. "Huduma ya bure kwa wateja," alisema. Mzee alikuwa anakoroma. Uhakika akakunja mkono wa shati, akautumbukiza mkono mtupu kwanza, apime kina.

Jike mmoja alikuwa juu ya jani karibu na kidole chake, amebeba mayai chini ya tumbo, anayapepea kwa vijiguu vyake bila kupumzika. Halafu wachanga wakaja. Wakapanda juu ya kidole, wakaanza kukisafisha, kwa bidii, wakiokota uchafu kwenye mikunjo ya ngozi. Walikuwa wadogo mno kujua kidole kile ni cha mtu wa aina gani.

Aibu ikamshika, aibu ya kweli, ile ya kuchoma masikio. Akatoa mkono polepole asimwangushe hata mmoja, akachukua sabuni akaimwaga chooni.

"Umemaliza kusafisha?" Mzee aliuliza, macho yamefumbwa.

"Nimeshindwa, mzee."

"Nilijua. Nilifikiria kuinuka nikuzuie, lakini mpaka nivae ndala ungekuwa umeshawamaliza."

Jumamosi mama karani alihesabu hadi macho yakamuuma, akaacha, akasema inatosha. Kiduka kikabadilisha mwenyewe siku hiyohiyo. Uhakika aliutoa ufunguo mfukoni, akashindwa kuuachia, ikabidi mama karani amfumbue vidole kimoja kimoja.

"Hapo mama yangu..." alianza, akakwama.

Mama karani alimtazama. "Nani atalikalia duka? Huyu wa kochi? Utakaa wewe, utauza hao uduvi, na utalala humohumo. Mshahara utapata. Na utasema ukweli kwa kila mteja, la sivyo nakupeleka ofisini kwangu."

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Alisimama mbele ya matangi ya kijani, akashusha miwani.

"Niambie siri, Uhakika."

"Hakuna, mwalimu. Waache. Usisugue, usibadilishe maji yote, usiwalishe ovyo. Wakishazoea, usifanye lolote."

"Na ile dawa ya chupa uliyoniuzia?"

Kusema ukweli kulimuuma Uhakika kuliko lile jino. "Yalikuwa maji ya bomba, mwalimu. Niliyatia rangi ya buluu. Nilikudanganya, nisamehe."

Mwalimu alimkazia macho, uso ukimwiva. "Kwa hiyo dawa sasa unawauzia wengine, mimi unanificha. Dawa ile wangu waliishi nayo hadi Alhamisi! Leo unaniambia nikae bure, nisifanye lolote? Unanionaje?"

"Mwalimu, haki ya Mungu..."

"Nilikuamini!"

Akatoka kwa hasira. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba Bwana Uhakika, mtu aliyefanya biashara safi ya uduvi muda wote huo, sasa ameanza utapeli.