Skonzi za Damu

Jumatatu, 2 Machi 1981

Nimefunguka macho! Tena kliniki, kwenye benchi la wajawazito, mwanamume nikiwa peke yangu. Mke wangu Kanyiva amepimwa damu. Iko chini. Sista Jecinta akamwambia ale maini, maharagwe na mboga za terere. Mimi nilisikiliza kwa sikio moja, mguu ukinicheza, mpaka sista alipofika kwenye mkate. Akasema punje ya ngano ina ganda na kiini, na humo ndimo mlimo na madini ya chuma, vitamini, na nyuzinyuzi za kulainisha tumbo. Kinu huviondoa ili unga uwe mweupe. Ganda hupewa ng'ombe.

Ng'ombe! Yaani ng'ombe wa Kiambu anakula vizuri kuliko mtu wa mtaa wetu wa Jericho! Na mimi ni karani wa bohari la chakula cha mifugo, Industrial Area, hapa Nairobi. Miaka yote hii nimekalia magunia ya pumba za ngano huku nikitafuna skonzi, vile vimikate vyeupe vya Ngigi.

Huyu Ngigi ni jirani, mlango wa pili. Ana tanuri ya debe, na watu humpangia foleni kabla jua halijatoka. Skonzi nyeupe pe! Hewa tupu! Kwisha habari yake.

Njiani Kanyiva aliuliza kama tutapitia sokoni kununua maharagwe. Nikamwambia maharagwe yamepitwa na wakati.

Jumanne, 3 Machi

Usingizi uligoma. Kazini nilizunguka bohari kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwishowe nikamwomba mnyapara wetu, mzee Johnson, pumba za gunia lililopasuka. Akauliza nafuga nini. Nikasema nafuga watu. Hakucheka, lakini akanipa.

Sista alisema unga wa atta, ule wa ngano nzima. Dukani hakuna mpaka Alhamisi. Nani wa kungoja Alhamisi? Nikachanganya pumba na unga mweupe, nusu kwa nusu. Ni hesabu tu: ganda likitoka, lirudishe!

Hamira ikakataa kazi. Donge likakaa ndani ya beseni jioni nzima likininunia. Nikalioka hivyo hivyo. Kanyiva aligonga skonzi moja kwa kijiko, akauliza kama hii ni ya kula au ya kupigilia misumari. Nikamjibu kwamba afya haijawahi kuwa laini.

Jumatano, 4 Machi

Alfajiri nilitoa meza nje na kibao: SKONZI ZA DAMU. Herufi nyekundu. Nilijisifu mwenyewe.

Hakuna aliyekuja. Watu walipita upande wa pili wa njia. Mama Lydiah, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, alisimama, akasoma, akashika kifua. Kumbe akaenda moja kwa moja sokoni kutangaza kwamba mimi, Munyoki, naoka mikate kwa damu ya ng'ombe! Kufika saa ya kwenda kazini, damu ilikuwa ya mbuzi. Niliporudi jioni ilikuwa ya kitu ambacho watu hawakutaka kukitaja.

Nikamfuata Mama Lydiah kumweleza kuhusu madini ya chuma. Akaniuliza kwa upole sasa kwa nini naweka vyuma ndani ya mkate.

Ngigi aliuza zote. Akanipungia mkono. Mkono wenye unga! Mweupe!

Jumatano hiyo hiyo, baada ya chakula

Nimefuta kibao. Nimeandika kipya. Siwezi kukaa kitini.

Alhamisi, 5 Machi

SKONZI ZA NGUVU. Nguvu za mwili, ndizo nilizokusudia. Shahidi wangu ni Mungu.

Wakaja wanaume. Wazee, kofia zimeshushwa hadi kwenye nyusi. Mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama inafaa kula moja au mbili kabla ya jioni. Sikusema ndiyo. Sikusema la. Nilikohoa. Meza ikawa tupu!

Ngigi aliacha tanuri yake akaja kutazama. Sasa amezipaka skonzi zake chai ya rangi ili ziwe kahawia, na kibao chake kinasema NGUVU ZAIDI. Mwizi! Tena wa mchana! Nimemwambia mbele ya watu kwamba skonzi zake ni nyeupe zilizovaa koti. Akanijibu kwamba angalau zake zinaingia meno.

Ijumaa, 6 Machi

Balaa. Mzee Muasya, mchonga vinyago wa mstari wetu wa nyumba, alinunua skonzi zangu kadhaa jana akazila zote peke yake. Kavu. Bila maji. Leo alfajiri aliingia kwenye choo cha mstari mzima na hakutoka. Foleni ikazunguka nyumba. Watu walibisha, wakamwombea, wakamtukana. Ndani mlisikika tu mtu akisema, “Ngojeni, ngojeni, inakuja.”

Mkewe Nthoki alikuja mlangoni kwangu na mwiko. Nikajaribu kumweleza kwamba nyuzinyuzi bila maji hukwama. Akasema hata mimi nitakwama, akanionyesha mahali.

Muasya ametoka salama, amekonda, hataki salamu yangu.

Jumamosi, 7 Machi

Bwana Afya amekuja! Nani kamwita? Ngigi, nani mwingine? Bwana Afya anaitwa Mulama, ana sauti ndogo na viatu vinavyong'aa. Alivunja skonzi kwa mikono miwili, akanusa, akauliza pumba zimetoka wapi. Nikamwambia kwa fahari. Akaacha kunusa. Akauliza kama zilipuliziwa dawa ya fukusi.

Sikujua. Mimi, karani wa bohari, sikujua.

Akauliza nani mwingine amezila. Hapo nikakumbuka. Kanyiva! Kila asubuhi namwekea mbili kwenye sahani, na sahani hurudi tupu! Nikaingia ndani mbio. Alikuwa amelala. Nikamtikisa, nikamuuliza amekula ngapi tangu Jumatano. Akanitazama, akaona uso wangu, akaketi.

“Sijala hata moja,” akasema. “Nimempa mama wa ng'ambo ya njia, awape kuku wake. Mimi nakula maharagwe. Nilijinunulia siku ile ile ya kliniki.”

Nikakaa sakafuni. Akanishika kichwa. Nilitaka kulia, nadhani nililia.

Kisha nikakasirika. Hata moja?

Nikatimua mbio hadi mtaa wa Tena, nyumbani kwa mzee Johnson. Akaniapia kwamba gunia lile lilikuwa halijapuliziwa kitu. Muasya yuko salama. Niliporudi, Bwana Afya alikuwa amefunga meza yangu. Halafu akamgeukia Ngigi akamwomba leseni ya kuoka. Ngigi hana! Tanuri ikazimwa. Tukasimama wawili pale, yeye na mimi, mikono mitupu. Sijafurahi hivyo wiki nzima.

Jumapili, 8 Machi

Kanisani mahubiri yalihusu mkate. Watu wote waligeuka.

Jumanne, 10 Machi

Kliniki tena. Damu ya Kanyiva imeanza kupanda! Sista Jecinta akamsifu kwa maharagwe, terere na maini. Kisha akanigeukia. “Baba,” akasema, “mkate wa ngano nzima ni mzuri, lakini ni wa ngano, si wa bohari. Na ni chakula, si dawa. Umeelewa?”

Nikasema nimeelewa.

Na kweli nimeelewa. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilichagua kiungo kibaya cha mwili. Damu watu wanaiogopa. Lakini ukutani, juu ya kichwa cha sista, kuna picha ya karoti, na chini yake imeandikwa kwamba karoti hulinda macho. Macho! Nani anaogopa macho? Jericho nzima inakodoa macho, Ngigi mwenyewe anavaa miwani mizito kama vitako vya chupa!

Mandazi ya karoti. Kesho alfajiri. Karoti zikikosekana, kuna rangi ya chungwa dukani.