Kisomo cha Kidonda Changu, na Pilau Niliyoila Mwenyewe

Jamani, leo nimeaibika mbele ya watu wangu wote wa Buyenzi, na nimejitakia mwenyewe.

Mnajua kazi yangu ni gereji. Na mnajua vita hii imetufanya watu wa kuhamisha essence, yaani petroli: ikipatikana kidogo kwenye gari moja, unaitia kwenye jingine. Mpira unauweka mdomoni, unavuta, ukichelewa kutema umeimeza. Sote tunafanya hivyo. Sasa ndani ya shavu langu la kushoto likatokea doa jeupe, gumu, halitoki hata kwa mswaki. (Ndiyo, nililisugua. Msiniulize zaidi.)

Gereji nzima ikageuka madaktari. Mmoja alinimulika kwa tochi akasema ni kansa. Mwingine akasema ni ule ugonjwa usiotajwa. Hamisi, fundi wa gereji ya jirani ambaye tunanyang'anyana wateja kila siku, alitikisa kichwa tu, na hilo lilinitisha kuliko maneno yote. Nikaenda hospitali. Daktari alitazama, akagusagusa, akaniambia wazi:

"Kwa macho mi siwezi kujua. Inafanana na mambo mengi. Tutakata kipande kidogo, labo njo itasema."

Wakakata. Kipande kikatiwa kwenye kichupa chenye dawa, kikaenda labo kupimwa. Kisha risasi zikalia huko milimani, watu wa labo wakashindwa kufika kazini, majibu yakachelewa. Mimi huku nikajizika mapema. Nyama nikaacha, nikawa mtu wa uji. Nikaenda msikitini kuomba radhi kwa kila mtu. Hamisi nikampa seti yangu ya funguo za kufungulia nati, ile nzuri, anikumbuke. Mke wangu Zaina alikuwa akilia jikoni akidhani simsikii, na watoto wetu bado wadogo. Niliogopa, kusema kweli, niliogopa sana. Nikamwomba aandae kisomo cha kuniombea, kikapangwa leo baada ya Alasiri.

Leo hiyohiyo mchana majibu yakatoka. Daktari akasema labo wamekitazama kile kipande kwa hadubini: si kansa. Shavu limeumizwa na essence na mpira, upande uleule ninaovutia. Niache kuvuta kwa mdomo, na nirudi walitazame tena. Nikamkumbatia. Nikamkumbatia na mgonjwa aliyefuata.

Nikarudi mbio nimwambie Zaina. Lakini alikuwa uani na wanawake wenzake na masufuria, na pale mlangoni shehe alinishika mkono akanikalisha kwenye mkeka taratibu, kama nitavunjika. Yasini ikasomwa. Nikasema moyoni, wakimaliza nitatangaza. Wakamaliza, watu wakaanza kunisifu. Hamisi akasimama.

"Huyu mutu, Buyenzi yote apana fundi anamufikia. Mi mwenyewe nilikuwa namuiga."

Sasa niambieni, ungekuwa wewe ungemkatiza? Nikainamisha kichwa. Nikasema akimaliza huyu. Kisha mwingine akaanza. Kisha pilau ikaja. (Mtu aliyeshinda na uji wiki na wiki, anawekewa pilau ya nyama!) Nikajisahau. Nilikuwa natafuna mfupa, tena kwa shavu la kushoto, Zaina alipotokea na jagi la maji akasimama.

"Baba Asha, we unatafuna?"

Mkeka mzima ukanigeukia, na mfupa ungali mdomoni. Nikajibu kwa sauti ndogo kwamba majibu yametoka, si kansa. Shehe akauliza, sasa ni nini? Ikabidi niseme mbele ya wote kwamba ni essence. Zaina akataka kujua nimejua tangu saa ngapi. Nikamwambia tangu kabla ya Yasini.

Jagi likamtoka mkononi. Akaketi palepale kwenye maji, akawa analia na kucheka kwa pamoja, na mimi nikalia. Shehe akaigeuza dua ikawa ya shukrani. Hamisi akasema maneno yake anayarudisha, ila funguo apana.

Basi, kesho nikipita naomba mtu asinicheke. Au chekeni tu, alhamdulillah. Nipo, nitawasikia.